"Njia ya kawaida" ya Mont Aiguille: mlima mmoja wa chokaa na kazi ya mfasiri

Makala hii imezaliwa na kosa. Kosa ni langu, na lina maneno matatu tu: "njia ya kawaida". Ninalieleza hapa kwa sababu katika promosheni yetu tumezoea kusahihisha tafsiri kwa kuangalia sarufi na kamusi, na maneno yangu hayo matatu hayakuwa na doa la sarufi wala la kamusi. Kilichokosekana ni mlima wenyewe. Sikuujua. Nilitafsiri maelezo ya mahali ambapo sikuwa nimepatazama hata kwenye ramani, na nusura mtu aanguke.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu anayesoma Grenoble, Ufaransa, aliniomba nimgeuzie kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa Kifaransa. Yeye na wenzake wa Kongo, Burundi na Tanzania walitaka kwenda kutembea mlimani siku ya Jumamosi, na Kifaransa cha Watanzania kilikuwa bado kichanga. Ukurasa ulieleza jinsi ya kufika Mont Aiguille, jinsi ya kuuzunguka, na mwishoni ukasema kwamba kutoka kipito kiitwacho col de l'Aupet mtu hufika kileleni kwa "voie normale". Mimi nikaandika: "Kutoka hapo, njia ya kawaida hufika hadi kileleni." Nikaridhika. Nikatuma.

Watanzania wawili walitangulia wakiwa na karatasi yangu mfukoni na viatu vya michezo miguuni. Walipofika chini ya ukuta wa mwamba waliona kipande cha kebo ya chuma kimefungwa kwenye jiwe, wakaamini kwamba ndiyo njia yenyewe imeanza. Mmoja akapanda. Alipofika juu kiasi cha nyumba ya ghorofa mbili, hakuweza tena kwenda juu wala kurudi chini. Kwa bahati walipita watu wenye kamba, wakiongozwa na kiongozi wa milima, wakamteremsha. Usiku mdogo wangu alinipigia: "Yaya, ile njia yako ya kawaida nusura ituletee kilio."

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kukaa Grenoble kwa miezi michache, nikaenda kuuona mlima huo mara tatu. Sikufika kileleni, na mwenye kusoma hadi mwisho ataona sababu. Nitaeleza kwanza mlima ulivyo, kwa maana bila hayo neno "voie" halifasiriki.

Mlima uliko

Mont Aiguille uko kusini-mashariki mwa Ufaransa, katika jimbo la Isère, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Grenoble. Ni sehemu ya Vercors, yaani milima iliyo kwenye ukingo wa magharibi wa Alpi. Vercors yenyewe si safu ya vilele vilivyochongoka. Ni uwanda mkubwa ulioinuliwa, na upande wa mashariki uwanda huo unakatika ghafla kwa genge refu, kama meza iliyokatwa kwa msumeno. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo huo ni Grand Veymont, mita 2,341. Chini ya genge liko bonde pana la Trièves lenye mashamba, misitu na vijiji, na ng'ambo ya bonde inasimama milima mingine, Dévoluy.

Mont Aiguille umesimama peke yake mbele ya genge hilo, upande wa Trièves, kama mtu aliyetoka mstarini. Ramani moja huupa mita 2,085, nyingine 2,087. Jina lake maana yake ni sindano, lakini jina hilo hudanganya. Ukitazamwa kutoka ubavu mmoja ni mwembamba kweli. Ukitazamwa kutoka ubavu mwingine ni kama meli kubwa, na juu yake si ncha bali ni uwanja wa majani unaoinama kidogo. Pande zote umezungukwa na kuta za mita 200 hadi 300 zinazosimama karibu wima. Chini ya kuta kuna sketi ya kifusi cha mawe, na chini ya kifusi kuna msitu.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa langu. Mimi ni mtu wa Kivu. Kwetu mlima ni Nyiragongo, wenye mita 3,470, na watu huufikia ukingo wa kreta yake kwa miguu, kwa mwendo wa saa kadhaa, wakichoka na kutetemeka kwa baridi, lakini kwa miguu. Volkano hujijenga yenyewe kwa kumwaga lava na majivu, kwa hiyo ubavu wake ni mteremko. Kichwani mwangu nilikuwa nimefanya hesabu bila kujua: kama mita 3,470 tunazipanda kwa miguu, mita 2,085 zina nini? Urefu wa mlima hausemi lolote juu ya kupandika kwake. Aina ya jiwe ndiyo inayosema.

Jiwe lilivyo

Mont Aiguille ni jiwe la chokaa lililowekwa juu ya udongo laini. Sentensi hiyo ndiyo jiografia yake karibu yote, lakini tuifungue.

Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, katika zama ambazo wanajiolojia huziita Kretase, mahali hapo palikuwa bahari. Kwanza palikuwa na kina, na matope mengi ya mfinyanzi yaliyochanganyika na chokaa yakatua chini. Wafaransa huyaita "marne", nami naandika marni. Baadaye bahari ikawa ya kina kifupi na ya joto. Humo waliishi viumbe wenye magamba mazito, na magamba yao yakarundikana, yakashikana, yakawa tabaka nene la chokaa gumu na jeupe. Tabaka hilo huitwa chokaa ya Urgoni, kutokana na kijiji cha Orgon kilichoko Provence. Alpi zilipoinuka, bahari ile nzima ikapanda juu pamoja nazo.

Ndugu wa pwani hawatashangaa. Kwao chokaa ni kitu cha bahari tangu zamani: walijenga kwa mawe ya matumbawe na kuyachoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea na kupaka. Sisi wa bara tumeijua chokaa kama unga mweupe wa kupaka ukuta wa shule, na wenzetu wa Katanga wanayajua mawe ya Kakontwe, karibu na Likasi. Lakini ni jiwe moja. Nilipomwambia hivyo mwenzangu mmoja wa Trièves, kwamba mlima wao ni jamaa wa mbali wa nyumba za Lamu, alicheka sana. Na bado ni kweli.

Sasa, chokaa hii ngumu imelalia marni laini. Mvua na theluji haviwezi kuikwangua chokaa upesi, lakini vinaila marni haraka. Marni ikiliwa, chokaa iliyo juu yake inabaki bila msingi, inapasuka kwa nyufa za wima na kuanguka vipande vipande. Ndiyo maana genge hubaki wima daima: halilainiki likawa mteremko, linarudi nyuma tu huku likibaki ukuta. Zamani Mont Aiguille ulikuwa umeungana na uwanda wa Vercors. Nyufa na maji vikaukata, na kilichobaki ni kisiwa. Wanajiografia wa Kifaransa huita kilima cha namna hiyo "butte-témoin", yaani kilima-shahidi: kinashuhudia kwamba uwanda ulifika hadi pale. Ukisimama kwenye ukingo wa uwanda na kuutazama unauona ushahidi kwa macho, maana matabaka yaliyo kwenye ukuta wa mlima yanajibu matabaka yaliyo chini ya miguu yako.

Kutoka maelezo haya mafupi yanatokea mambo mawili ambayo mtembeaji lazima ayajue. La kwanza: hakuna ubavu. Mteremko wa msitu na kifusi unapanda vizuri hadi chini ya ukuta, halafu unakwisha. Hakuna upande hata mmoja ambapo mteremko unafika juu. La pili: mawe yanaanguka. Ukuta unaorudi nyuma ni ukuta unaodondosha, na kile kifusi kilichozunguka mlima hakikuletwa na mtu.

Maji

Kuhusu maji nitakaa kidogo, kwa sababu hapo pia tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa na uongo wa kimya.

Mvua inapopita angani na udongoni hubeba gesi ya ukaa, inakuwa kali kidogo kama maji ya limao yaliyozimuliwa sana. Maji hayo huyeyusha chokaa. Hayayeyushi kwa siku moja, lakini kwa maelfu ya miaka hupanua kila ufa. Mwishowe uso wa jiwe unakuwa na mifereji na makali (wenyeji huita lapiaz), ardhi inakuwa na mashimo ya mviringo kama bakuli, na hapa na pale kuna mashimo ya wima yaendayo chini kabisa, ambayo katika Vercors huitwa "scialet". Maji yote yanaingia humo. Kaskazini mwa Vercors liko shimo la Gouffre Berger, lililogunduliwa mwaka 1953. Mwaka 1956 likawa la kwanza duniani ambamo watu walishuka zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi. Maji yanayozama kwenye uwanda wa juu hutokeza mbali, upande wa magharibi, katika makorongo ya mto Bourne.

Matokeo yake ni kwamba uwanda wa juu wa Vercors, wenye mvua nyingi na theluji ya miezi, hauna vijito. Mtu wa Goma ataelewa mara moja. Mji wetu umejengwa juu ya lava, mvua hunyesha hasa, na bado hakuna kijito kinachopita mtaani. Maji hubebwa kwa bidoni kutoka ziwani. Jiwe ni jingine, kiu ni ileile.

Katika ukurasa wa Kifaransa liliandikwa neno "source", nami nikaandika "chemchemi". Neno ni sahihi. Ila kwa msomaji wa Kiswahili chemchemi ni maji yasiyokauka. Ndiyo maana tunalitumia hata kwa baraka. Katika nchi ya chokaa chemchemi nyingi hutoa maji Mei na kukauka Agosti. Siku niliyokwenda kwenye uwanda wa juu nilitegemea moja kati ya hizo, nikakuta bakuli la mbao lenye matope na nyayo za kondoo. Nilirudi mapema. Nikajiambia kwamba angalau safari hii mfasiri ameadhibiwa mwenyewe.

Kufika, na namna tatu za kufika

Kutoka Grenoble kuna barabara ya D1075, zamani N75, inayokwenda kusini kuelekea kipito cha Croix-Haute, na kuna reli ya Grenoble hadi Gap. Kituo cha treni ni Clelles-Mens. Nawashauri wanafunzi treni, si kwa bei tu: reli inapanda polepole ndani ya Trièves na mlima unajitokeza, unajificha, unajitokeza tena na sura nyingine. Kutoka Clelles kuna kilomita kadhaa hadi kijiji cha Chichilianne na kitongoji chake cha La Richardière, kilicho kwenye kimo cha kama mita 1,000. Hapo njia za miguu zinaanza. Kwenye njia panda kuna nguzo zenye vibao vinavyotaja jina la mahali, kimo chake na pande za kwenda.

Sasa, neno "kufika Mont Aiguille" lina maana tatu, na mwandishi asiyezitenganisha atamdanganya msomaji.

Kuna kuuzunguka. Njia inatoka La Richardière, inakata msitu, inapanda hadi col de l'Aupet, kipito kilicho kati ya mlima na genge la Vercors, juu kidogo ya mita 1,600. Kutoka hapo inateremka upande wa pili kwenye vitongoji vya Trézanne na Ruthière, inazunguka na kurudi kwa kipito cha Papavet. Ni siku nzima ya mwendo kwa mtu wa kawaida, ina kupanda na kushuka kwingi, lakini ni njia ya miguu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haihitaji kamba wala ufundi. Katika mzunguko huo mlima hubadilika sura kila baada ya nusu saa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa vijiji tofauti huuchora tofauti.

Kuna kuutazama kutoka juu. Njia nyingine kutoka bondeni inapanda uwanda wa juu kupitia Pas de l'Aiguille. Jihadharini na jina hili: "pas" hapa si hatua, ni upenyo katika genge, na upenyo wenyewe hauko mlimani bali kwenye ukingo wa uwanda, kusini-magharibi mwa mlima. Mwanafunzi mmoja niliyempa jina hilo kama zoezi aliniletea "Hatua ya Sindano". Tulicheka, ila mtu anayekwenda huko akidhani anakwenda kwenye mlima atapotea. Mahali hapo kuna kumbukumbu ya wapiganaji wa Vercors waliozingirwa pangoni Julai 1944. Juu yake unaanza uwanda ambao tangu 1985 ni hifadhi ya asili, kiasi cha hekta 17,000, bila kijiji wala barabara ya lami ndani yake. Mbwa hawaruhusiwi, moto hauruhusiwi. Wakati wa kiangazi kuna makundi makubwa ya kondoo na mbwa wakubwa weupe wanaowalinda dhidi ya mbwa mwitu. Mtembeaji husimama, huongea kwa sauti ya upole, na kulizunguka kundi kwa mbali. Ukungu ukishuka kwenye uwanda huo wa mashimo, mtu asiye na ramani na dira abaki alipo.

Na kuna kufika kileleni. Hii si ya watembeaji. Hakuna njia ya miguu inayofika kileleni, hata moja. "Voie normale" ni njia ya mwambani: mtu hufungwa kamba, hutumia mikono, hupita kwenye vizingiti vyembamba juu ya shimo, na kurudi kwake huwa ni kuteremshwa kwa kamba kwenye nyufa za wima. Wakwezi wenye uzoefu huiona nyepesi. Wanasema "normale" wakilinganisha na njia nyingine za ukuta uleule, ambazo ni ngumu zaidi. Hawalinganishi na barabara.

Maneno

Hapa ndipo panapotuhusu sisi wa kitivo cha lugha. Kifaransa kina "sentier" na "voie". Kwa mtu wa mjini maneno hayo yanakaribiana. Kwa mtu wa milimani yanatengana kama ardhi na mbingu. "Sentier" hukanyagwa. "Voie" mlimani hukwewa. Kiswahili changu kiliyatia yote mawili ndani ya "njia", kisha neno "kawaida" likamaliza kazi, kwa sababu kwetu njia ya kawaida ni ile inayopitwa na watu wote, na mama mwenye mtoto mgongoni.

Je, Kiswahili kina upungufu? Nilidhani hivyo kwa muda, nikafikiria kuazima neno. Kisha nikakumbuka vitenzi. Tuna kupanda, tuna kukwea, tuna kuparamia. Katika Kiswahili chetu cha Kongo kitenzi cha kwanza kimemeza vingine: tunapanda mlima, tunapanda mti, tunapanda gari, na mihogo pia tunaipanda. Lakini kukwea bado kipo, na kina kazi yake. Mkwezi wa pwani hupanda mnazi kwa mikono na miguu. Kwetu mtu wa michikichi hujifunga mshipi unaomzunguka yeye na mti, na mshipi huo ukikatika hatusemi kwamba alijikwaa. Kukwea ni kupanda ambako mkono unabeba uhai. Hilo ndilo hasa lililohitajika kusemwa juu ya Mont Aiguille, na lilikuwemo katika lugha yangu wakati wote.

Kwa hiyo "sentier" naiita njia ya miguu, na "voie" naiita njia ya kukwea. "Voie normale" ni "njia ya kukwea iliyo rahisi kuliko nyingine". Ni ndefu, lakini sitaifupisha. Nimewapa wanafunzi maneno mengine ya ukurasa uleule, na majibu yao yanafundisha kuliko yangu. "Rappel" ililetwa kama ukumbusho. Maana yake hapa ni kuteremka kwa kamba. "Cheminée" ililetwa kama bomba la moshi. Ni ufa mpana wa wima ambao mtu hupenya akijitanua kwa mgongo na miguu. "Col" mmoja aliiandika kola, mwingine shingo. Shingo si mbaya, kwa sababu kweli ni pale mlima unapoinama kati ya mabega mawili, ila mimi nimechagua kipito. Juu ya hili wenzangu wawili bado wananipinga.

Neno jingine ni la zamani. Kabla ya jina la sasa, mlima huu uliitwa usiopandika, na ulihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya Dauphiné. Mfalme Charles VIII aliamuru upandwe. Tarehe 26 Juni 1492, wiki chache kabla Columbus hajang'oa nanga, Antoine de Ville alifika juu pamoja na watu wake, akitumia ngazi na kamba, kazi ya watu waliozoea kuzingira ngome. Walikaa siku kadhaa, wakasimamisha misalaba, wakakuta majani, maua na wanyama. Mjumbe aliyetumwa kutoka Grenoble kuhakikisha habari alifika chini, akaziona ngazi, akakataa kupanda. Simlaumu. Rabelais anautaja mlima huo katika Quart Livre, lakini sifa ya kuupanda anampa mtu mwingine, Doyac. Kwa hiyo wasomi wa fasihi ya Kifaransa wasiitumie kazi hiyo kama ushahidi wa historia.

Baada ya hapo haukupandwa tena hadi 1834, alipofika juu Jean Liotard, mtu wa nchi hiyohiyo. Miaka 342 imepita kati ya mara ya kwanza na ya pili. Katika miaka hiyo yote wachungaji walikuwa chini yake kila kiangazi, kwenye njia za miguu, wakiutazama. Ningekuwa nimesoma habari hiyo moja tu kabla ya kutafsiri, nisingeandika "kawaida".

Hii ndiyo sehemu ya mwisho ya ukurasa ule kama nilivyoiandika upya, na kama inavyotumiwa sasa na kundi la mdogo wangu:

"Kutoka La Richardière fuata njia ya miguu hadi kipito cha Aupet. Jaza bidoni yako kabla ya kuondoka. Usitegemee chemchemi, nyingi hukauka wakati wa kiangazi. Vaa viatu vinavyoshika mguu. Kabla ya Juni uliza kama theluji imeisha. Ukifika kwenye kipito uko chini ya ukuta: usikae kwenye kifusi, mawe huanguka. Kutoka hapo hakuna njia ya miguu ya kwenda kileleni. Ipo njia ya kukwea, iliyo rahisi kuliko nyingine, kwa watu wenye kamba, kofia ngumu na kiongozi. Ukiona kebo kwenye mwamba, usiifuate. Teremka upande wa Trézanne, uzunguke mlima, urudi kwa kipito cha Papavet. Ukipata shida piga 112, taja jina na kimo ulichokiona kwenye kibao cha mwisho. Angalia saa ya treni ya jioni Clelles kabla ya kuanza."

Mdogo wangu aliniambia kwamba kila mtu aliuelewa, isipokuwa neno moja ambalo Watanzania walilicheka: bidoni. Kwao ni dumu, na wakauliza nani hupanda mlimani na dumu. Nimeandika chupa.